John Snow, mutoto wa kibarua aliyepima usingizi wa upasuaji

Huku kwetu Fizi na Baraka, mutoto akitoka kupasuliwa anaweza kuamka analia kwa nguvu, anapiga mateke, anataka kung'oa serumu, hata mama yake hamutambui. Kuna wanaosema pale pale kwamba amerogwa. Leo tunawaeleza maisha ya mutu aliyesaidia dunia kuelewa usingizi ule.

John Snow alizaliwa York, Uingereza, tarehe 15 Machi 1813. Baba yake alikuwa kibarua kwenye depo ya makaa ya mawe. Watoto walikuwa tisa, yeye ndiye wa kwanza. Akiwa na miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza uganga. Kipindupindu kilipoingia kule, mwaka 1831, bwana wake alimutuma kutunza wachimbaji wa makaa wa Killingworth. Wachimbaji wale walikuwa wanakula na kujisaidia mule mule shimoni, bila maji ya kunawa. Mwaka 1854, kule London, alionyesha kwamba ugonjwa huo unapita katika maji, na pampu ya Broad Street ikatolewa mukono wake.

Lakini kazi iliyomulisha ilikuwa kulaza wagonjwa. Etha ilipoonyeshwa Boston mwaka 1846, wengi walianza kuitumia bila kipimo. Kloroformu ikafuata, na Januari 1848 binti wa miaka 15, Hannah Greener, alikufa karibu na Newcastle wakati wa kutolewa ukucha tu. Snow alitengeneza vyombo vya kupima mvuke, akagawa usingizi katika ngazi tano. Alilaza watoto wengi, na mwaka 1853 alimupa kloroformu Malkia Victoria akiwa anajifungua. Alikufa 1858, na miaka 45 tu.

Ngazi zile zinatufundisha kwamba akili hairudi yote mara moja. Kwa mutoto mudogo, zaidi wa miaka 2 mpaka 5, mwili unaweza kuamka mbele, akili ikabaki nyuma. Mara nyingi inapita yenyewe ndani ya nusu saa.

Basi, mama na baba, musimuchape, musimunyweshe dawa ya kienyeji. Mukae karibu, museme naye polepole, mumulinde asianguke. Na muite muganga haraka, aangalie kama ni maumivu ao ni hewa inamukosa.