Abdulrahman as-Sufi na Ng'ombe wa Kusini

Ijumaa hii tumependa kumkumbuka mwanachuoni ambaye jina lake ni nadra kutajwa majumbani mwetu, Abul-Husayn Abdulrahman bin Umar as-Sufi. Alizaliwa mjini Rayy, Uajemi, mwaka 291 Hijria (903), akafariki Shiraz mwaka 376 Hijria (986). Amiri Adud ad-Dawla wa ukoo wa Buwayhi alisoma kwake, na imepokewa kuwa amiri huyo alipojifakharisha kwa walimu wake, katika elimu ya nyota alimtaja as-Sufi.

Kiasi cha mwaka 964 alitunga kitabu cha nyota zisizohama, chenye makundi 48, na kila kundi likachorwa mara mbili: kama lionekanavyo mbinguni, na kama lilivyo juu ya tufe. Wengi waliomtangulia walinakili tu maandishi ya Ptolemy bila kuinua macho. Yeye naye mahali pa nyota alipachukua humo humo, akaongeza nyuzi 12 na dakika 42 kwa karne zilizopita. Lakini mng'ao wa kila nyota aliupima upya kwa jicho lake. Galaksi ya Andromeda, kwake, ilikuwa kiwingu kidogo karibu na kinywa cha samaki.

Anga ya kusini kabisa, hata hivyo, haionekani Shiraz. Alipofika kwenye Suheli, nyota ambayo mabaharia wa pwani yetu waliupa upande wa kusini jina lake, aliandika kuwa chini yake kuna weupe usioonekana Iraki wala Najd, na kwamba watu wa Tihama wanauita al-Baqar, yaani Ng'ombe. Hakudai kuwa ameuona. Aliwaachia wenyewe habari yao, na hilo ndilo linalotufanya tumwamini katika mengine.

Wataalamu wengi wa leo wanasema Ng'ombe hao ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi yenye mhimili wa nyota uliopita katikati yake, iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi. Wako wasiokubali, wanaoona kuwa maneno yale yanahusu nyota za kawaida.

Sisi wa Mombasa na Dar es Salaam tunajaaliwa kuliona wingu hilo. Usiku wa Januari usio na mwezi, saa nne hivi, watoeni watoto mbali na taa, waelekee kusini: liko chini ya Suheli, kidogo upande wa kulia.