Jimmie Heuga: Staa wa theluji aliyegoma kukaa benchi

KAMA wewe ni mtu wa soka tu, huenda jina la Jimmie Heuga halijawahi kukupitia. Mpe dakika mbili.

Februari 8, 1964, kule Innsbruck, Austria, kijana huyu wa Marekani alishika nafasi ya tatu kwenye slalomu ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Alikuwa na miaka 20. Slalomu ni ile ya kuteremka mlima wa theluji na skii miguuni, unapinda kushoto na kulia kwenye milingoti kama winga anavyopiga chenga koni mazoezini, ila hapa ukikosea unaweza kuvunjika mguu. Dhahabu ilikwenda kwa mwenyeji, Pepi Stiegler, na fedha kwa Mmarekani mwingine, Billy Kidd. Kutoka Stiegler hadi Heuga haikufika hata nusu sekunde. Kabla ya hapo hakuna mwanaume wa Marekani aliyewahi kubeba medali ya Olimpiki kwenye mbio hizo za kuteremka.

Ski ilikuwa ya nyumbani kwao. Baba yake, mhamiaji Mbaski, alifanya kazi Squaw Valley, California, mlima ulioandaa Olimpiki ya 1960. Dogo aliitwa timu ya taifa akiwa na miaka 15 tu.

Mwaka 1970, akiwa na miaka 26, madaktari wakamwambia ana multipo sklerosisi. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inajifunga yenyewe: badala ya kukaba wadudu, inashambulia ganda linalofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Fikiria nyaya za umeme zilizochunika. Amri ya ubongo inachelewa kufika mguuni, au haifiki kabisa. Macho yanaweka ukungu, miguu inakufa ganzi, na uchovu wake si ule wa kulala ukaamka fresh.

Ushauri wa enzi zile ulikuwa mmoja: kaa, tunza nguvu, usifanye mazoezi. Sababu walikuwa nayo, kwa sababu mwili ukipata joto dalili huzidi kwa muda. Lakini mwambie mwanamichezo wa Olimpiki akae tu! Heuga alitii kwa miaka kadhaa, na mwili ukazidi kunyong'onyea, roho nayo ikafuata. Katikati ya miaka ya 1970 akachoka. Akarudi kwenye tizi kivyake: baiskeli, kuogelea, kunyoosha viungo, kidogo kidogo kwa malengo anayoyafikia. Ugonjwa haukuondoka, ila pumzi na moyo wa kupambana vilirudi.

Mwaka 1984 akafungua kituo chake Colorado ili wagonjwa wenzake wafundishwe hivyo hivyo, kila mmoja kwa kipimo chake. Kumbuka, wakati huo madaktari wengi bado walikuwa upande wa kukaa.

Sayansi ilimfikia baadaye. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 54. Waliopewa mazoezi mara tatu kwa wiki, kwa wiki 15, walipata pumzi na nguvu zaidi, na hali yao ya moyo ikawa afadhali. Leo mazoezi ya kiasi ni sehemu ya ushauri wa kawaida kwa wagonjwa hawa, kwa kusimamiwa na mtaalamu na bila kuuchemsha mwili.

Halafu kuna hili: mwaka 1993 Stiegler, yule wa dhahabu, naye aligundulika na ugonjwa huo huo. Watu wawili kati ya watatu waliosimama jukwaani Innsbruck.

Tusidanganyane, mazoezi hayakumponya Heuga. Miaka yake ya mwisho alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki Februari 8, 2010, akiwa na miaka 66, miaka 46 kamili tangu siku ile ya medali. Kituo chake kilibadilishwa jina, kikaendelea na kazi ile ile.