Dunlop: Daktari wa farasi aliyeubebesha upepo mzigo

Barabara ya kutoka Kikorongo kwenda Bwera haifiki kilomita 40, lakini ndiyo hubeba shehena zinazovuka mto Lubiriha kuingia Kasindi na kuendelea hadi Beni na Butembo. Trela zilizotoka bandari ya Mombasa hufika hapa zikiwa zimevuka Malaba, Kampala na Mbarara, zimeteremka Kichwamba na kupita daraja la Katunguru katika joto la bonde la ufa. Pembezoni mwa lami hulala vipande vyeusi vya matairi yaliyoshindwa kumaliza safari. Mwenye bahati aliacha raba tu. Asiye na bahati aliacha na madigadi, mpira wa breki na waya za taa, akalala porini na mzigo wa watu.

Jina ambalo madereva wa njia hii wamelisoma miaka mingi ubavuni mwa tairi, Dunlop, lilikuwa jina la mtu. Hakuwa fundi wa magari, wala hakuwahi kumiliki lori. Alikuwa daktari wa mifugo.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, Ayrshire, huko Scotland, katika familia ya wakulima. Aliambiwa kwamba alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na maisha yake yote alijichunga kama mtu dhaifu, ingawa aliishi miaka 81. Alisomea udaktari wa mifugo Edinburgh, akafanya kazi huko kwa muda, kisha mwaka 1867 akahamia Ireland. Alianzia Downpatrick pamoja na ndugu yake, baadaye akafungua kazi katika mtaa wa May jijini Belfast. Kufikia miaka ya 1880 kliniki yake ilikuwa mojawapo ya kubwa nchini humo. Farasi ndio waliokuwa malori ya wakati ule, na mji uliokuwa na viwanda na bandari haukukosa farasi wagonjwa.

Kama asingekuwa na mtoto wa kiume, huenda angekufa akijulikana na wenye farasi wa Belfast peke yao. Mwanawe Johnnie, mwenye umri wa miaka tisa au kumi hivi, alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Magurudumu ya siku hizo yalivishwa raba ngumu isiyo na kitu ndani, na mitaa ya Belfast ilitandikwa mawe. Mtoto alirushwa-rushwa, akachoka haraka. Baba akaanza kuwaza jinsi ya kulainisha safari.

Mwaka 1887 alichukua kisahani kikubwa cha mbao, akatengeneza mrija kwa raba nyembamba, akaufunika kwa kitambaa na kukipigilia misumari pembeni mwa mbao. Akaujaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Kisha akashika gurudumu la kawaida la ile baiskeli, akalisukuma uani. Lilijiendea kidogo, likalala. Akasukuma kile kisahani chenye mrija. Kilivuka ua wote, kikagonga nguzo ya lango na kurudi nyuma. Mwaka uliofuata Johnnie alikuwa anaendesha baiskeli yenye upepo magurudumuni.

Wengi husimulia kisa hicho kama hadithi ya baba na mtoto, wakaishia hapo. Lakini kwa mwenye trela, kisahani kile kilikuwa kimesema jambo kubwa zaidi ya raha ya kukaa. Kilionyesha kwamba upepo uliofungiwa unaweza kubeba mzigo na kuuviringisha kwa nguvu ndogo. Raba na nyuzi kazi yake ni kuufunga upepo huo na kuukinga na mawe. Mwenye gari anaponunua tairi la bei kubwa kisha akalitembeza likiwa limepungua upepo, amenunua kifuniko na kusahau chakula.

Tairi lililopungua upepo hukunjika ubavuni kila linapozunguka. Kukunjika huko huzaa joto, na joto halina pa kwenda. Nyuzi za ndani huanza kuachana na raba, au waya za chuma huchoka kimya kimya, mpaka siku ya joto, mzigo ukiwa kamili na mwendo ukiwa mkali, tairi linapasuka. Dereva atalaumu jiwe au lami. Mara nyingi kosa lilifanyika asubuhi ile, au wiki iliyopita, mtu alipopiga tairi teke na kuridhika na mlio. Katika kazi ya matairi ya malori, tairi lililopungua sehemu moja ya tano ya upepo wake huhesabiwa kuwa limekwisha upepo, hata kama kwa macho bado limesimama wima.

Trela ina ugumu wake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, na tani 24 kwa ekseli tatu za pamoja zenye matairi mawili mawili. Hayo ni matairi 12, kila moja tani 2. Moja likipasuka, jirani yake anabebeshwa tani 4 papo hapo, na dereva aliye mbali mbele kwenye kabati huenda asisikie chochote. Mizani husoma uzito wa ekseli. Haijui kwamba tairi la ndani, lile ambalo utingo hulipita kwa sababu mkono haufiki vizuri kwenye valvu, lilikwisha upepo tangu Ishaka.

Belfast ya 1888 haikuwa na shida hizo. Dunlop aliomba hataza na kuipata mwezi Desemba mwaka huo. Tarehe 18 Mei 1889 mwendesha baiskeli Willie Hume, kapteni wa klabu moja ya mjini humo, aliingia kwenye mashindano ya Queen's College akiwa na matairi hayo manene ambayo inasemekana watazamaji waliyacheka. Alishinda mashindano yote manne aliyoingia. Kicheko kikaisha.

Miongoni mwa walioyaona mambo hayo kwa jicho la biashara alikuwa Harvey du Cros, kiongozi wa chama cha waendesha baiskeli wa Ireland, ambaye wanawe nao walikuwa washindani. Kampuni ikaundwa Dublin mwaka 1889. Dunlop akakabidhi hataza yake na kupewa hisa 1,500. Du Cros ndiye aliyekuwa mfanyabiashara. Daktari alikuwa na ndevu na jina.

Pigo likaja upesi. Mwaka 1890 ilithibitika kwamba Dunlop hakuwa wa kwanza. Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amesajili gurudumu la upepo mwezi Desemba 1845, Dunlop akiwa mtoto wa miaka mitano. Thomson alitumia mirija ya kitambaa kilichopakwa raba ndani ya gamba la ngozi, akaijaribu kwenye magari ya farasi jijini London mwaka 1847. Kazi yake ilikuwa nzuri, ila raba ilikuwa ghali na baiskeli ya kuihitaji ilikuwa bado haijazaliwa. Thomson alifariki 1873 na wazo lake likasahaulika kiasi kwamba ofisi ya hataza yenyewe ilimpa mtu mwingine. Hataza ya Dunlop ikafa. Hakuna ushahidi kwamba aliiba, na watu wawili kufikia jibu moja bila kujuana si ajabu. Hata hivyo haki ya pekee ya kutengeneza tairi la upepo haikuwa yake tena.

Kampuni ilinusurika kwa sababu ya udhaifu wa tairi lenyewe. Tairi la kwanza la Dunlop lilibandikwa kwenye gurudumu kwa gundi na vitambaa. Likipata pancha, kulitoa ilikuwa kazi ya fundi na ya saa nyingi. Mwaka huo huo wa 1890 Charles Kingston Welch alisajili tairi lenye waya ukingoni, linalokaa kwenye rimu yenye bonde katikati, na William Bartlett akasajili ukingo wa aina nyingine wa kushika rimu. Kampuni ya Dublin ikanunua haki zote mbili. Kila utingo anayebandua tairi kwa vyuma kando ya barabara ya Bwera anafanya kazi na waya wa Welch, ingawa hakuna anayelitaja jina hilo.

Waya huo na rimu yake ndivyo vilivyowezesha tairi kufungiwa upepo mwingi wa kubeba malori. Tairi la trela leo hujazwa zaidi ya pauni 100 kwa inchi ya mraba. Nguvu hiyo ikitoka ghafla, pamoja na ukanda wa raba na waya unaoendelea kuzunguka na kuchapa, haichagui kitu. Madigadi hung'oka. Mipira ya breki iliyopitishwa karibu na gurudumu hukatika, na trela inaweza kujifunga breki yenyewe ikakwama katikati ya njia. Waya za taa zikikatika, trela iliyosimama gizani huwa ukuta usioonekana kwa anayekuja nyuma, na hapo ndipo hasara ya tairi hugeuka msiba.

Wenye trela waliokwisha kuchomwa huhamisha mipira na waya kutoka juu ya matairi na kuzifunga ndani ya fremu, au huzipitisha kwenye bomba la chuma. Huweka madigadi imara yenye nafasi ya kutosha juu ya tairi. Hupima upepo kwa geji, alfajiri, matairi yakiwa baridi, na kufunga kofia za valvu. Kosa la kawaida ni kupima mchana baada ya mwendo, kuona upepo umezidi kwa sababu ya joto, na kuupunguza. Likipoa, tairi hilo litakuwa na njaa. Kosa jingine la hatari ni kujaza tena tairi lililotembea likiwa tupu bila kulivua na kulichunguza. Ubavu uliokwisha kuchoka unaweza kupasukia mikononi mwa fundi, na ndiyo maana karakana makini hujazia tairi la lori ndani ya kizimba cha chuma. Tairi moja likipasuka, na mwenzake aliyebeba mizigo ya wawili hukaguliwa kabla ya kuendelea, hata kama linaonekana zima.

Upande wa pili wa Lubiriha jina la tairi la upepo lina historia nyingine. Baiskeli za miaka ya 1890, na baadaye magari, zilihitaji raba kuliko dunia ilivyoweza kuipata. Congo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ilikuwa na mizabibu ya raba msituni, na watu walilazimishwa kuivuna kwa mijeledi, kwa kushikwa mateka wake zao, na kwa mikono kukatwa. Mateso makubwa zaidi yalikuwa mbali na hapa, katika misitu ya bonde la mto Congo, lakini nchi yote hadi mpaka huu ilikuwa mali ya mfalme mmoja. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 ilianika mambo hayo, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuikabidhi Congo kwa serikali ya Ubelgiji. Dunlop hakuanzisha biashara hiyo wala kuiongoza. Haifai kumbebesha dhambi za Leopold. Ila haifai pia kusimulia kisahani cha uani Belfast kana kwamba raba yake iliota bustanini.

Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Hakuelewana na mwelekeo wa kampuni, na mwaka 1895 alijitoa na kuuza hisa zake. Mwaka uliofuata du Cros aliiuza kampuni kwa pauni milioni 3 kwa mlanguzi Terah Hooley, aliyeirudisha sokoni kwa milioni 5. Dunlop hakupata utajiri uliolingana na jina lake. Aliishi Dublin, akashughulika na duka la vitambaa, huku magurudumu ya dunia yakizunguka na jina lake.

Alifariki nyumbani kwake Dublin tarehe 23 Oktoba 1921, akazikwa makaburi ya Deans Grange. Kumbukumbu zake kuhusu tairi la upepo zilichapishwa baada ya kifo, binti yake akishughulikia jambo hilo. Uso wake wenye ndevu ulikuja kuwekwa kwenye noti ya pauni 10 ya benki moja ya Ireland ya Kaskazini.

Reli ilifika Kasese mwaka 1956, ikifuata shaba ya Kilembe, kisha ikanyamaza, na mizigo ikahamia kwenye matairi. Juni 2021 marais Museveni na Tshisekedi walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara za upande wa Congo, na mwaka 2022 Congo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Trela zinazopanga foleni Mpondwe zimeongezewa safari mbele yake. Matairi yanayokufa njiani huishia kwa mafundi wa viatu, wanaoyakata kuwa lugabire. Yaliyo mazima husubiri geti lifunguliwe, na asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya Bwera, upepo ndani yake bado ni baridi na unaweza kupimwa.