Mihajlo Pupin, mchungaji aliyesafirisha sauti
Pupin alizaliwa mwaka 1858 huko Idvor, kijiji kilichoko leo Serbia. Mama yake hakujua kusoma wala kuandika, lakini alimhimiza mwanawe asome. Walipochunga ng'ombe usiku, watoto walichomeka visu ardhini na kupashana habari kwa mlio wake. Kwa nini sauti ilifika mbali hivyo? Swali hilo halikumtoka.

Mwaka 1874 alifika New York na senti 5 tu. Alifanya vibarua, akajifunza Kiingereza, na mwaka 1883 akahitimu Chuo Kikuu cha Columbia, ambako baadaye alifundisha uhandisi wa umeme. Alibuni namna ya kupanga mizunguko ya waya kwenye laini za simu ili sauti isififie njiani. Kitabu cha maisha yake, alichokiandika katika lugha aliyoianza ugenini, kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1924. Alifariki mwaka 1935.