KIJANA, UNAOGOPA KUINGIA KANISANI?

Kijana mwenzangu, labda karatasi hii umepewa hapo njiani ukielekea kijiweni, na unataka kuitupa. Ngoja kidogo. Soma habari za William Booth. Ni mtu wa zamani, lakini vijana kama wewe aliwajua vizuri.

Alizaliwa mwaka 1829 katika mji wa Nottingham, Uingereza. Usidhani Wazungu wote walikuwa na mali! Baba yake alifilisika, na William alipofika miaka 13 akapelekwa kufanya kazi katika duka la rehani. Mama anakuja Jumatatu na nguo yake nzuri, anaiacha apate hela ya chakula, Jumamosi anaikomboa, Jumatatu anairudisha tena. William ndiye alikuwa hapo dukani akiyaona hayo. Mwaka huohuo baba yake akafariki.

Mwaka 1844, akiwa na miaka 15, akaokoka. Akaokoka kwelikweli, akaanza kuhubiri kule mitaa ya maskini. Siku moja akakusanya vijana wa mtaani, wachafu, nguo zimechanika, akaingia nao kanisani wakakaa viti vizuri vya mbele. Wakubwa wa kanisa wakakasirika. Wakamwambia akiwaleta tena awapitishe mlango wa nyuma, wakae pale wasipoonekana. Fikiria ungekuwa ni wewe! Nafikiri jambo lile halikumtoka moyoni hadi kufa kwake.

Baadaye akawa mhubiri wa Kimethodisti, na mwaka 1855 akamwoa Catherine Mumford, ambaye naye alikuja kuwa mhubiri wa nguvu. Mwaka 1861 wakaacha dhehebu lao. Julai 1865 tunamkuta William ndani ya hema huko Whitechapel, mashariki ya London, juu ya makaburi ya zamani, na vilabu vya pombe kila upande. Upepo ukachana hema. Basi wakahamia ukumbi wa dansi. Watu wakimaliza kucheza Jumamosi usiku, ndugu wanaingiza mabenchi kwa ajili ya ibada.

Walevi wakaanza kuokoka. Booth akawaelekeza makanisa ya jirani, lakini huko hawakutakiwa, na wengine waliona haya wenyewe kuingia. Akabaki nao. Hivyo ndivyo kanisa jipya lilivyozaliwa, na mwaka 1878 likaitwa Jeshi la Wokovu.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penyewe. Unadhani majirani waliwapenda? Waliwarushia mawe na matope. Mwaka 1882 peke yake watu wa Jeshi zaidi ya 600 walipigwa, wakiwemo wanawake. Mahubiri tu yasingetosha, bwana. Mwaka 1884 mabinti wa Jeshi wakaenda kupanga vyumba katikati ya mitaa ile mibaya kabisa. Silaha yao ilikuwa ndoo, sabuni na kitambaa. Wanapiga deki chumba cha bibi mgonjwa. Wanamwogesha. Wanamshikia mama mtoto ili aende kazini. Mtu akifa hana ndugu, wao wanamwosha maiti. Hawakungoja mtu aokoke kwanza ndipo wamsaidie. Hebu niambie, mlevi atamrushiaje jiwe binti aliyemwogesha mama yake jana?

Usiku mmoja Booth akavuka daraja la London, akaona watu wamelala nje kwenye baridi. Asubuhi akamwita mwanawe Bramwell, akamwagiza afanye kitu. Mwaka 1888 wakafungua nyumba huko Limehouse, watu wakala na kulala kwa bei ndogo sana. Mwaka 1891 wakafungua kiwanda cha kiberiti. Kwa nini kiberiti? Kwa sababu viwanda vingine vilitumia fosforasi nyeupe, nayo ilikuwa inaozesha taya za wafanyakazi, wengi wao wasichana. Jeshi lilitumia fosforasi nyekundu isiyo na sumu hiyo, na likawalipa wafanyakazi zaidi.

Booth hakuwa malaika. Alikuwa mkali, akitaka amri yake isipingwe, na baadhi ya watoto wake wa kuwazaa waliondoka Jeshini kwa ugomvi. Mke wake alikufa kwa saratani mwaka 1890, akaendelea peke yake. Mwishoni akawa kipofu. Alifariki tarehe 20 Agosti 1912, na watu kama 150,000 wakapita mbele ya jeneza lake.

Kazi yake ilifika kwetu pia: Kenya mwaka 1921, Tanganyika mwaka 1933. Pale Mgulani, Dar es Salaam, Jeshi lilianzisha shule ya watoto walemavu. Huenda umewahi kupita hapo bila kujua kwamba mwanzo wake ni yule kijana wa duka la rehani.

Yesu aliyemwokoa Booth akiwa na miaka 15 anakujua wewe pia, na deni lako, na gongo uliyokunywa jana. Leo jioni mhubiri atakapoita watu, njoo na nguo hizohizo ulizovaa. Washauri wetu watakuwa chini ya jukwaa. Pita katikati ya watu, uje mbele kabisa.