Baudot: Mtu Aliyegeuka Kipimo

Mafundi wanaounganisha vyombo na tarakilishi kwa waya hulitaja neno baudi kila mara. Wachache wanajua kwamba lilitokana na jina la mtu.

Émile Baudot alizaliwa mwaka 1845 katika kijiji cha Magneux, Ufaransa, akiwa mwana wa mkulima. Masomo yake yalikomea shule ya msingi. Mwaka 1869 aliajiriwa na idara ya telegrafu, na humo ndimo alimojifunza kupeleka habari kwa waya.

Katika mtindo wa Morse, herufi moja huwa fupi na nyingine ndefu. Baudot alizipa zote urefu mmoja: ishara tano, kila moja ikiwa ya namna mbili tu. Hivyo alipata michanganyiko 32. Ishara hizo zilipita kwenye waya moja baada ya nyingine, mithili ya watu wapitao mlango mwembamba, na wapelekaji kadhaa waliweza kupokezana waya huo huo. Alisajili uvumbuzi wake mwaka 1874.

Mlango wa mfululizo wa tarakilishi hufuata njia iyo hiyo: biti hupita moja moja. Biti ya kuanzia na ya kukomea zilikuja baadaye; wapelekaji wa Baudot walilazimika kubonyeza vitufe kwa kufuata mapigo ya mashine.

Katika miaka ya 1920 jina lake lilifanywa kipimo. Baudi ni idadi ya ishara zinazopita waya kwa sekunde, wala si idadi ya biti, kama wengi wadhanivyo. Ishara 600 zinazobeba biti nne kila moja ni baudi 600, lakini biti 2,400. Anayechanganya mambo hayo mawili hukosea hesabu ya mwendo wa chombo chake.

Mcheza kwao hutuzwa, nasi hatukatai kwamba Baudot alitunukiwa heshima. Hata hivyo, idara yake haikumsaidia kwa fedha za utafiti. Alijigharimia mwenyewe, hata akauza nishani yake ya dhahabu. Alifariki mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 57.

Waajiri wanaomdharau fundi kwa kukosa vyeti na wayatafakari maisha haya. Huenda yule wanayemnyima senti leo ndiye ambaye kesho ulimwengu utapimia kwa jina lake.