Ibn al-Haytham na Shabaka ya Jicho

Ndugu yetu mmoja wa Malakisi, katika Bungoma, aliingiwa na kiza jichoni mfano wa pazia. Tabibu akamwambia kwamba shabaka ya jicho imebanduka, apasuliwe upesi. Akatuuliza kama yafaa Muislamu kutiwa jichoni kitu kilichobuniwa na wasiokuwa wa dini yake. Tulimjibu papo hapo aende, asikawie. Lakini swali hilo si lake peke yake. Basi twaleta hapa maisha ya Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Basra yapata mwaka 354 (965 wa Masihi). Al-Hakim, mtawala wa Misri, alisikia kwamba ana rai ya kuyatengeneza maji ya Nile, akamwita. Alipofika pande za Aswan na kuyaona majengo ya watu wa kale, alitambua kwamba mabingwa wale wangalilifanya jambo hilo lau lingaliwezekana. Akarudi, akakiri kosa lake. Yasimuliwa kwamba kwa kuchelea ghadhabu alijitia wazimu, akafungiwa nyumbani hata al-Hakim alipotoweka mwaka 411 (1021). Kisha alikaa karibu na al-Azhar, akila kwa kunakili vitabu vya hisabu, hata akafariki yapata mwaka 430 (1040).

Kitabu chake kikubwa ni Kitab al-Manazir, juzuu saba. Euclid na Ptolemy walishika kwamba miali hutoka jichoni kwendea kitu. Yeye hakuikubali kauli hiyo kwa sababu ya ukubwa wa wenyewe. Aliona kwamba mwenye kulikazia jua macho huumia, akajaribu kwa taa mbele ya tundu la chumba chenye kiza, akathibitisha kwamba nuru ndiyo iingiayo jichoni.

Hata hivyo naye alikosea: alidhani kwamba lenzi ndiyo ipokeayo picha. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na Johannes Kepler, aliyejengea juu ya elimu hiyo, akabainisha mwaka 1604 kwamba picha huangukia shabaka iliyo nyuma ya jicho, ile iitwayo kwa Kiarabu shabakiyya.

Mbele ya shabaka mna ute, ambao karibu sehemu 99 katika 100 ni maji. Ute ukiivuta shabaka ikatatuka, maji hupenya nyuma yake, ikabanduka. Katika miaka ya 1920 Jules Gonin wa Lausanne alionyesha kwamba dawa ni kuliziba lile tundu. Leo mara nyingi matabibu huondoa ute, wakatia gesi au mafuta ya silikoni ya kuikandamiza shabaka mahala pake. Lakini gesi huyeyuka, na mafuta kwa kawaida hutolewa kwa kupasua tena. Kwa hiyo wataalamu wajaribu haidrojeli, yaani ute wa kutengenezwa, ambao nyuzi zake nyembamba mno hushika maji mengi. Vipande vya namna hiyo vilivyoshonewa nje ya jicho katika miaka ya 1980 vilikuja kufura, vingi vikatolewa. Ndipo wakajifunza, wakaendelea.

Ewe ndugu, elimu hii ilitoka kwa Wayunani ikaja kwetu, ikatoka kwetu ikenda kwao. Tusiyakatae matunda ya mti ambao wazee wetu waliumwagilia maji. Wala haitufai kujisifu kwa jina la Ibn al-Haytham ilhali twawafunza watoto wetu kukariri bila kuuliza. Amfuataye kweli ni yule aipimaye kauli ya mkubwa, na akikosea hukiri.